Sehemu Mbili Kati ya Tatu

Koboko, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu mkubwa, Yaya Léontine,

Pokea salamu za nyumbani, zile za kushikana mikono miwili na kuulizana habari za kila mtu mpaka mbuzi. Hujambo? Shemeji mgongo wake umepoa? Na mapacha, bado wanagombania kijiko kimoja wakati kabati limejaa vijiko? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua zimekuja kwa wakati wake, mahindi mabichi ya Dranya yameanza kufika sokoni, na Papa anakula vizuri. Nimeandika kwamba anakula, sikuandika kwamba ni mzima, nawe usianze kunitolea macho. Soma taratibu, kila kitu kina mahali pake.

Najua unashangaa. Barua, zama hizi! Utasema Stéphanie ameuza simu. Sijaiuza. Simu yangu siku hizi inakaa mfukoni mwa Papa, kwa sababu ndani yake kuna muziki nitakaokueleza, naye anausikiliza tangu asubuhi mpaka chaji iishe. Ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti kubwa, hata kama si wake. Ndiyo maana barua hii nimempa Blanchard, mtoto wa mama mdogo, anayekuja huko Bunia kwa biashara yake ya vitenge. Akikukabidhi ikiwa imefunguliwa, mpige kofi moja kwa niaba yangu. Kuna na sababu nyingine ya kuandika, lakini hiyo iko chini. Usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka zaburi ndefu.

Sasa habari. Nilikwisha kukuambia kwamba Arua kuna okestra, nawe ukacheka ukaniuliza kama ni ile ya harusi yenye gitaa. Hapana, ni okestra kweli kweli. Kuna vayolini za wanafunzi wa sekondari, kuna waseminari wawili wanaopiga zile vayolini kubwa za kubana kwa magoti, kuna daktari mmoja wa hospitali anayepiga filimbi, na sisi wa matarumbeta tuliotoka kwenye fanfari, zile bendi za kupuliza za makanisa. Anayetuongoza ni Mwalimu Aliga, Mlugbara wa Logiri aliyekwenda Kampala kusomea muziki akarudi na miwani na hasira. Kila Jumamosi napanda gari kutoka Koboko kwenda Arua kufanya mazoezi, siku nyingine pamoja na Papa anayekwenda kusalimia marafiki, na Jumatatu narudi darasani kufundisha Kiswahili watoto ambao, nikiwaambia vitabu viko mezani, wananijibu ndiyo, mwalimu, vitabu iko.

Mwezi wa tano Mwalimu Aliga aliniita kando akaniambia kwamba kwenye tamasha la mwaka huu, atakayesimama mbele ni mimi. Yaya, mimi! Nilimuuliza kama amekosea jina. Akasema hakukosea, ila nikiendelea kumuuliza maswali atakosea.

Kitu chenyewe wanakiita koncheto. Ni kazi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja na okestra nzima: mmoja anasimama mbele, wengine wamekaa nyuma yake, wanamjibu, wanamwachia nafasi, wanampokea akichoka. Hii yangu iliandikwa na Mzungu mmoja wa zamani sana kwa ajili ya tarumbeta, na ina sehemu tatu. Lakini siku hiyo kutakuwa na kwaya, kutakuwa na wapiga adungu, vile vinubi vya huku, na kutakuwa na wageni wa heshima wenye hotuba. Hotuba hazikatwi, muziki ndio unaokatwa. Basi Mwalimu akaniambia nichague sehemu mbili kati ya tatu, na kwamba ataheshimu chaguo langu mradi lifanane na lake.

La kwake lilikuwa ya kwanza na ya tatu. Akanieleza sababu. Kuna watu watakuja kutoka Kampala, wana okestra kubwa, na wanatafuta mpiga tarumbeta mmoja wa kumchukua akasome na kupiga nao, chakula na malazi juu yao. Watu hao, alisema, wanasikiliza sehemu ya kwanza. Huko ndiko mpigaji anakopimwa. Nikiipiga vizuri, nafasi hiyo ni yangu, na nikiiacha, watanipigia makofi ya adabu na kurudi kwao. Yaya, wewe unajua nimetaka kitu hiki tangu lini. Tangu Papa alipotufundisha sote wawili kupuliza pale nyuma ya nyumba, wewe ukaacha ulipoolewa, mimi nikaendelea mpaka majirani wakazoea.

Ungedhani basi hapo hakuna la kuchagua. Lakini unanijua, mimi ndiye Bibi Kwa-Nini, jina hilo Papa alinipa kabla sijaota meno ya mbele. Nilitaka kujua kwa nini kazi moja ina sehemu tatu, na zinaambiana nini, na mtu akiondoa moja amewanyima watu kitu gani. Kuuliza si ujinga. Nikaanza kuuliza.

Sehemu ya kwanza ina maajabu yake. Okestra inaanza bila mimi. Nasimama pale mbele na gauni langu, tarumbeta mkononi, watu wote wananitazama, na sipigi kitu. Wao wanapiga wimbo wote, halafu ndipo naingia mimi nausema upya kana kwamba hawakuusema. Karibu na mwisho wote wananyamaza, naachwa peke yangu nipande, nishuke, niruke, nionyeshe kila nilichojaliwa. Hapo pana noti moja ya juu ambayo siku nyingine inakuja na siku nyingine inakataa kama mbuzi mlangoni. Sehemu ya pili ni fupi, ya taratibu, pumzi ndefu tupu, haina pa kujificha. Ya tatu inakimbia. Mkuu wangu wa shule, ambaye hajacheka tangu uchaguzi, nilimsikilizisha ofisini kwake akajikuta anagonga meza kwa kidole.

Nilimchezea Rosa Kiden ile ya kwanza kwenye simu. Rosa unamkumbuka, jirani yetu Mkakwa anayeuza samaki wakavu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alisikiliza, akaniuliza kwa nini hao watu walianza bila mimi, nilikuwa nimechelewa? Nikamwambia hapana, ndivyo ilivyoandikwa. Akasema kwao Lurujo mgeni akiachwa amesimama huku wenyeji wanaongea wenyewe kwa wenyewe, anachukua kikapu chake na kurudi alikotoka. Nikaenda kwa Yasiri, yule mzee Mnubi anayeuza chai karibu na msikiti, nikamchezea ile ile. Yeye akasema hii ndiyo adabu, mtu akifika barazani asidakie maneno, angoje, asikie wanaongea nini, ndipo atie lake. Mambo haya! Noti ni zile zile, mmoja amesikia dharau na mwingine amesikia adabu. Nilirudi nyumbani nikiyafikiria njia nzima, karibu nigongwe na bodaboda.

Darasani, watoto waliichagua ya tatu kwa kelele. Ya pili hawakuijali, na msichana mmoja aliniuliza kama hao wanaopiga wamelala.

Papa ndiye aliyekataa kunijibu. Mtu amepuliza tarumbeta kwenye fanfari ya kanisa tangu hatujazaliwa, namuuliza anaonaje, ananiambia niulize midomo yangu mwenyewe. Lakini simu alianza kuiazima, halafu akaacha kuirudisha. Nikipita nasikia ile ya pili. Nikipita tena, ile ya pili. Nikadhani hajui kubonyeza, nikamwonyesha jinsi ya kuruka mpaka ya tatu. Akashukuru sana, akarudi kwenye ya pili.

Mwisho nikachagua kama Mwalimu alivyotaka, ya kwanza na ya tatu. Alifurahi mpaka akavua miwani. Akasema mcheza kwao hutunzwa, na nikitoka Arua kwenda Kampala nisisahau nani aliyenifunza kuhesabu. Nilirudi Koboko nimejaa furaha, nimeshajiona na begi langu kwenye basi.

Ila, Yaya, udadisi ni ugonjwa. Alhamisi iliyofuata nilitoka shule mapema, nyumba kimya, Papa amelala chumbani. Nikajiambia kwamba ile ya pili nimeiacha, sawa, lakini niipige mara moja tu nijue nimeacha nini. Siku zote nilikuwa nafanya mazoezi nimeziba mdomo wa tarumbeta kwa soksi ya Papa, ili majirani wapumue. Siku hiyo nikaitoa soksi. Ndani joto, nikasimama mlangoni kupata upepo, nimeelekea barabarani, nimefumba macho. Nikapiga.

Umeshaelewa, sivyo? Wewe umeelewa, mimi niliyezaliwa nyumba hii sikuelewa! Akifa mtu wa fanfari, hatumtumi mjumbe na hatupigi simu. Tarumbeta moja inasimama mlangoni pa marehemu, imeelekea barabarani, inapiga taratibu, wimbo wowote, mradi uwe wa taratibu na uwe wa mtu mmoja. Anayesikia anaacha alichoshika na kuja. Na mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mzee Raphaël siku hizi anakohoa na haonekani barazani.

Nilipofika mwisho nikafumbua macho, uwanja ulikuwa umejaa. Yasiri amekwisha kutandika mkeka na birika lake liko pembeni. Vijana wa bodaboda wamesimama, pikipiki zao wamezisukuma kwa mikono ili zisingurume mbele ya msiba. Akina mama wana unga, wana maharage, mmoja ana kuku wawili. Na Rosa Kiden ndiyo kwanza anaingia, kuni kichwani, analia tangu barabarani kwa ile sauti yake. Nikafungua mdomo kueleza. Rosa akatupa kuni chini akanikumbatia, akanikandamiza uso kifuani, akaniambia nilie, nisijikaze. Namwambia mama hapana, si hivyo, anazidi kunibana na kuwaambia wengine kwamba mtoto amechanganyikiwa, mleteeni maji.

Nakwambia, kila nilivyokana ndivyo walivyonihurumia. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kuomba. Alifika pale pa kumshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wako Raphaël, na hapo hapo mlango wa chumbani ukafunguka, Papa akatoka na kikombe mkononi, blanketi begani, akauliza nani amekufa.

Lo! Mwenye kuku aliwaachilia kuku. Yasiri akasema astaghafirullah mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia. Kijana mmoja anaitwa Jimmy aliruka ua wa nyuma, tukamsikia mbali huko anapiga kelele kwamba mutu iko hai, mutu iko hai! Papa akauliza mara ya pili nani amekufa. Akatazama mkeka. Akatazama kuni. Akaniona mimi na tarumbeta mlangoni. Akavuta kiti kimojawapo walichomletea, akakaa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na sisi sote tukasimama pale hatujui kama tucheke au tumshike.

Nilidhani watu watakusanya vyao waende. Rosa akakataa katakata. Akasema kilicholetwa matangani hakirudi nyumbani kwa aliyekileta, kikirudi kinatafuta mtu wa kufa huko. Kwa hiyo ikabidi kipikwe na kuliwa. Jimmy alirudishwa, akapewa kazi ya kukimbiza kuku. Tukapika pale uwanjani, marehemu amekaa mbele. Na yeye, unamjua, hakutaka kupoteza nafasi. Akasema kwa kuwa amebahatika kuwepo, kila mtu aseme pale pale maneno aliyokuwa amejiandaa kuyasema kaburini.

Walikataa, halafu wakakubali, halafu hawakunyamaza. Rosa alisema Raphaël ni mtu mwema ila samaki anawapapasa wote kabla ya kununua mmoja. Yasiri alisema amecheza dama naye miaka na miaka, na hajawahi kumwona akishinda bila kuhamisha kete mwenzake anapomimina chai. Papa akasimama kujitetea, wakamwambia maiti haijibu, akaketi. Mama mmoja ambaye simfahamu vizuri alisema tu kwamba alipomzika mtoto wake, mvua ilinyesha na watu wote wakakimbilia chini ya paa, Raphaël peke yake akabaki kaburini anapiga mpaka wimbo ukaisha. Papa alitazama chini, akasema ugali unaungua.

Jua lilipotua walikwisha kwenda. Nilimwomba Papa msamaha. Akasema msamaha wa nini, leo amekula kuku. Lakini Yasiri alipokuwa akiaga alikuwa amenong'ona kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Asubuhi yake Papa aliniita nimsaidie kubangua karanga. Tukakaa. Akaniambia kwamba zile Jumamosi alizokuwa akisema anapanda nami gari kwenda Arua kusalimia marafiki, hakukuwa na marafiki. Alikuwa anakwenda hospitali. Yaya, moyo wa Papa umechoka. Umepanuka, wanasema, na dawa wanazompa ni za kumtuliza, si za kumponya. Daktari hakumtajia siku. Alimwambia tu kwamba kama ana jambo la kufanya, asilisubirishe mpaka mwakani.

Hii ndiyo habari iliyokuwa chini. Weka barua kidogo, kunywa maji, halafu endelea.

Mimi nililia, yeye akaendelea kubangua. Halafu akasema kuna jambo limemshangaza maisha yake yote na hajapata wa kumuuliza. Amepigia wafu wengi, wazee, vijana, vichanga, na kila mara yule anayepigiwa ndiye peke yake asiyesikia. Kwa nini tumepanga hivyo? Nani alituambia? Jana, alisema, alikuwa amelala nusu usingizi, akasikia tarumbeta inampigia yeye, mlangoni pake, na akasikia watu wanakuja. Aliogopa kidogo. Halafu akaona ni nzuri, akatamani isiishe. Akaniambia hataki kupigiwa siku ambayo hasikii.

Nikamwambia basi nitampigia hapa nyumbani kila jioni. Akasema hapana, majirani watamaliza kuku zao. Akataka kwenye tamasha, na okestra yote, yeye amevaa koti lake la bluu, amekaa kitini, hakuna anayejua ila mimi na yeye. Ya pili, na baada yake ya tatu.

Nikauliza, unajua lazima niulize, kwa nini na ya tatu. Akasema nimesahau kazi ya fanfari. Fanfari inapiga mara mbili, kwenda na kurudi. Kwenda ni taratibu, ya kumsindikiza aliyelala. Kurudi ni mbio, ya kuwasukuma walio hai wafike nyumbani, wawashe moto, wale. Ya kwenda ni ya maiti. Ya kurudi si yake, ni ya wanaobaki. Na hapo, Yaya, alitaja siku tuliyomzika Mama, ambayo hajawahi kuitaja tangu hapo. Unakumbuka alimpigia Mama mwenyewe njia yote ya kwenda, hakukosea hata noti moja. Unakumbuka na kurudi. Tulirudi kimya. Watu walidhani ni heshima. Papa aliniambia aliinua tarumbeta pale getini pa makaburi, mara ya kwanza na ya pili, na midomo ikakataa, kwa sababu mdomo unaotetemeka hautoi sauti. Alituacha mimi na wewe tutembee njia ile bila kitu cha kutusukuma, na hajalisahau jambo hilo. Akasema siku yake mpigaji wa nyumba hii ni mimi, na midomo yangu itatetemeka vile vile, anajua. Kwa hiyo anataka nipige zote mbili mapema, kwenda na kurudi, wakati yupo wa kuhakikisha kwamba tumefika.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Aliga kubadilisha. Alinitazama kama nimemwambia nauza tarumbeta. Akasema koncheto bila sehemu ya kwanza ni nyumba bila mlango. Akasema watu wa Kampala hawatarudi mwaka kesho. Akaniuliza sababu, nikamwambia siwezi kumpa. Akasema basi nimpe muziki, nikampigia ile ya pili pale pale, kwenye ukumbi mtupu, wafagiaji wakihamisha viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ni nzuri. Akaniambia ataandika kwenye programu sehemu ya pili na ya tatu, na kwamba mimi ni mjinga, na kwamba niongeze pumzi kwenye mstari wa nne.

Sikudanganyi, Kampala inaniuma. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hasira na Papa, na moyo wake, na yule Mzungu aliyeandika sehemu tatu badala ya mbili. Halafu namsikia uwanjani anapiga mluzi ile ya pili huku akichambua maharage, hasira inakwenda. Nafasi ya Kampala labda itakuja nyingine. Baba mwingine sina.

Sasa sababu ya barua. Papa alinikataza kukupigia simu. Alisema una nyumba yako na watoto wako, usisumbuliwe. Alisema simu. Barua hakuitaja, na mimi sikumkumbusha.

Tamasha ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, Arua, mchana. Njoo, Yaya. Ya pili naiweza, nimeshaipiga mbele ya uwanja mzima unaolia na sikukosea. Ya tatu siiwezi. Watu wote wanasema ni rahisi, watoto wa darasa la nne wanaiimba, na mimi kila nikiianza nafika mstari wa pili midomo inatetemeka. Nimejaribu darasani, nimejaribu njiani, nimejaribu na soksi na bila soksi. Nadhani najua kwa nini. Siku ile ya Mama tulirudi wawili. Siwezi kupiga ya kurudi nikiwa peke yangu.

Kaa safu ya mbele, karibu naye, nikuone. Ukifika, usimwambie kwamba unajua. Mwambie umekuja kusikia muziki, na huo si uongo.

Msalimie shemeji sana, mwambie mgongo haupoi kwa kubeba mizigo ya wengine. Wabusu mapacha, kila mmoja apate busu lake wasije wakagombana. Rosa Kiden anakusalimu, Yasiri anakusalimu, hata Jimmy ambaye hakujui anakusalimu. Papa naye angekusalimu kama angejua ninachoandika, sasa hivi yuko uwanjani, simu sikioni, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nasahihisha insha za watoto.

Mimi mdogo wako ninayekungoja,

Stéphanie